Injini Mpya ya Baba Mdogo

Kwanza tuelewane: mashine ya baba mdogo si pawatila. Pawatila ni zile zilizoletwa enzi za Kilimo Kwanza, 2009 na kuendelea, zenye injini ya dizeli na matairi makubwa, ambazo nyingine mpaka leo hazijui udongo una rangi gani. Hii ya kwetu ni kajembe ka injini ka bustani. Injini ya petroli juu, visu vinavyozunguka chini yake, mishikio miwili nyuma, basi. Baba mdogo aliachiwa na bosi wake Mzungu kwenye shamba la mkonge alipokuwa anarudi kwao Ulaya, na kwa miaka mingi kameilimia bustani yake ya Pongwe, Tanga, mchicha, bamia na ule muhogo ambao mama mdogo anaupikia ugali wa bada.

Injini ilikufa taratibu, kwa adabu. Ringi za pistoni ziliisha, ikaanza kula oili kuliko petroli. Moshi wake wa bluu ulijulikana mtaa mzima. Majirani wakimwona baba mdogo anakunja mikono ya shati tu, wanaanua nguo. Mwisho kompresheni ikaisha kabisa. Ukivuta kamba ya kuwashia, inakuja yenyewe, haina hata ubishi.

Masika yalikuwa yanabisha hodi, kwa hiyo tukaenda Ngamiani kununua injini. Zipo tele, za Kichina, nguvu farasi 6.5, zile zile zinazofungwa kwenye pampu za maji na mashine za kuchanganyia zege. Muuzaji alituapia kwamba inaingia popote. Baba mdogo aliipakata kwenye bajaji mpaka nyumbani, na sikumbuki kama amewahi kunipakata mimi namna ile.

Fundi tuliyempata alikuwa fundi wa kweli, hilo nalisema mbele ya mtu yeyote. Ila ufundi wake ulikuwa wa mota za mashine za kusaga. Injini ya petroli aliichukulia kama mota iliyokosa malezi.

"Mzee," alimwambia baba mdogo, "injini ni injini. Hii inatoka, hii inaingia. Saa moja tu."

Saa moja ile iliishia kwenye puli, kile kigurudumu cha kwenye injini kinachovuta mkanda wa visu. Puli ya zamani ilikerezwa kwa inchi: tundu lake robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05. Shafti ya injini mpya ni milimita 20. Kwa macho huoni tofauti. Kwa nyundo unaiona, na fundi alikuwa ameshainua nyundo pale baba mdogo alipomshika mkono. Ikabidi puli ipelekwe kwa mkereza vyuma ikatanuliwe, na matundu ya bolti nayo yakakataa kulingana, bamba likachomelewa. Hayo sitayarefusha.

Jioni ikawa tayari. Fundi akatia petroli, akafunga choki, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Sasa Tanga mtu hapiti tu penye watu wamesimama. Lazima ateremke kwenye baiskeli, aamkie, aulize, atoe ushauri. Akavuta bodaboda. Akavuta muuza samaki, baada ya kumkabidhi mtu ndoo yake ya vibua. Akavuta shemeji wa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Mmoja akasema koili, mwingine akasema plagi, wa tatu akasema kwa sauti ya chini kwamba mtaa huu una watu wana macho mabaya.

Kuna katoto ka jirani, ka darasa la nne, kalikuwa kamechuchumaa muda wote kanatazama kibandiko kwenye injini.

"Mbona hapa wamechora birika?"

Fundi akakaambia kaende kakacheze. Baba mdogo akavaa miwani, akainama. Ilikuwa kweli birika, lenye tone mdomoni. Injini hizi hutoka dukani kavu, hazina oili hata tone, na nyingi ndani zina kidude kinachokata moto wa plagi kikihisi oili haitoshi. Mashine ya watu ilikuwa inajiokoa, sisi tunaituhumu husuda. Tukatia oili lita 0.6, kama kijitabu kilivyosema, na kwa mvuto wa kwanza ikanguruma. Watu wakapiga makofi. Muuza samaki akakumbuka ndoo yake, akamkuta paka naye amekumbuka.

"Haya mwanangu, shika wewe," baba mdogo akaniambia. "Wewe ndiye kijana."

Niwaeleze jambo moja kuhusu klachi ya mashine ile. Ni mkono unaosogeza kijipuli cha kukazia mkanda: ukiubana mkanda unakaza, visu vinazunguka, ukiuachia mkanda unalegea, vinasimama. Mzungu aliyeibuni aliwaza usalama. Lakini baba mdogo alishachoka kuubana siku nyingi, akautengenezea kitanzi cha kamba. Kamba ya mkonge, ya kwetu Tanga, kamba inayofunga meli.

Nikabana mkono, nikapitisha kitanzi, nikasukuma mashine mbele.

Mashine ikaja nyuma.

Haikuja kwa kusitasita. Ilikuja kwa kasi ambayo ile ya zamani haikuwahi kuwa nayo hata ujanani, visu vinarusha udongo, mishikio inanisukuma kifuani. Nikarudi hatua. Ikaja. Nikarudi mbio, kinyumenyume, nimeishikilia maana nikiiachia itanipanda. Nasikia nyuma yangu watu wanapiga kelele, kila mmoja na maelekezo yake. "Kata moto!" Swichi ipo upande wa pili wa injini, ng'ambo ya visu. "Legeza klachi!" Kitanzi kimekaza. "Isukume mbele!" Huyu alikuwa fundi.

Novemba 1914, hapa hapa Tanga, nyuki waliwatimua askari wa Mwingereza waliokuja na meli kuuteka mji. Tulipofundishwa shuleni nilicheka sana. Siku ile niliwaonea huruma.

Tulipita kwenye mchicha. Tulipita kwenye bamia. Tulitoboa ua wa makuti, mimi nikitangulia kwa mgongo, tukatokea uani kwa mama mdogo, kwenye kamba ya nguo. Mimi niliinama, mashine haikuinama. Visu vikanyakua kanga iliyokuwa inagusa chini, vikaizungusha, vikavuta na nyingine, na shuka, na kanzu ya Ijumaa ya baba mdogo, mpaka vikanenepa, mkanda ukalia kwa uchungu, injini ikakohoa na kuzima.

Mama mdogo alitoka jikoni na mwiko. Hakuuliza kama nimeumia. Alifungua lile furushi la nguo mpaka akapata kipande cha kanga yake kilichosalia. Awali iliandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Sasa ilikuwa imebaki "Mgeni njoo".

"Doti nzima," alisema, akimtazama baba mdogo. "Na si ya mnadani."

Fundi hakutishika. Kwenye mota za umeme wa njia tatu, alitueleza, mambo haya ni madogo: mota ikizunguka kinyume unabadilishana waya mbili, inageuka. Akaizunguka injini akitafuta waya za kubadilishana. Akakuta moja tu, ya plagi. Akaishika, akaitazama huku na huku, akairudisha.

Aliyetutegulia kitendawili ni mzee mmoja rafiki wa baba mdogo, tunamwita Mzee Korona kwa sababu alikaa ujana wake wote kwenye korona, ile mashine ya viwandani inayotoa singa, yaani nyuzi, kwenye majani ya mkonge. Jina lile lilimpa tabu sana 2020. Hakugusa injini mpya. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile ya zamani, iliyokuwa imetupwa chini ya mwembe, akaipangusa tope.

"Mmeona zinatoka shafti ngapi hapa?"

Zilikuwa mbili, upande mmoja. Nene juu, nyembamba chini yake. Puli yetu tulikuwa tumeitoa kwenye ile nyembamba. Akachora alama za chaki kwenye ncha zote mbili, akavuta kamba polepole. Nene ikizunguka huku, nyembamba inazunguka kule. Na nene ikimaliza mizunguko miwili, nyembamba imemaliza mmoja. Ile nene ni ya kranki, inayosukumwa na pistoni. Ile ya chini ni ncha ya kamshafti, inayofungua valvu, na kwenye injini ya mipigo minne valvu hufunguka mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki. Gia mbili zikiumana, moja lazima iende kinyume cha mwenzake. Waliounda mashine walichukua nguvu kwenye kamshafti makusudi, ipungue mbio bila kuongeza gia nyingine. Injini yetu mpya ina shafti moja tu, ya kranki. Kwa hiyo visu vilipata mbio mara mbili, na kwa upande wa pili.

Baba mdogo akamgeukia fundi. "Wewe hii shafti ya pili hukuiona?"

"Niliiona, mzee. Nikadhani ni ya akiba."

Mzee Korona alikuwa na dawa yake, ya kiwandani: pindua mkanda uwe namba nane. Zamani mikanda bapa ya viwandani ilipindwa hivyo hivyo, na upande wa pili unazunguka kinyume. Kweli ilifanya kazi. Visu viligeuka, mashine ikaenda mbele, mimi nikasujudu. Ila mikanda ile ilikuwa bapa na ya masafa marefu. Wetu ni ule mnene wenye umbo la V, na puli zimekaribiana. Pale ulipokatiza ulijisugua wenyewe. Kabla ya kumaliza tuta moja harufu ya mpira ikatanda mpaka barabarani, mkanda ukapasuka, kipande kikaruka kikagonga bati la jirani. Jirani akaanua nguo, kwa mazoea tu.

Tukakaa kwenye jamvi, wanaume wazima, tukipanga. Kununua gia ya kugeuza. Kuirudisha injini Ngamiani. Kuifufua ya zamani kwa kuitafutia ringi, ambazo labda ziko Marekani. Mama mdogo alikuwa anapita na sinia la kahawa, akasimama kidogo.

"Kama yenyewe inataka kwenda huko, si na nyie mhamie huko?"

Hakuna aliyejibu. Fundi ndiye aliyeinuka kwanza, akachukua spana, akafungua bolti nne za mishikio, akaizungusha, akaifunga upande wa mbele. Mbele ikawa nyuma. Visu vilikuwa vinakata kwa mgongo, vikavuliwa, vya kushoto vikahamia kulia na vya kulia kushoto, makali yakatazama yanakokwenda. Kwa zile mbio, mkereza vyuma akatuchongea puli ndogo ya kufunga kwenye injini, kipenyo nusu ya ile ya zamani. Na kitanzi cha mkonge nilikikata mimi mwenyewe kwa panga, baba mdogo akinitazama kana kwamba nakata kitovu.

Imelima. Tena vizuri kuliko zamani, haitoi moshi wa bluu, haili oili. Lina kasoro moja tu jembe letu: ekzosi, ambayo kawaida inatazama mbele kwa mbele, sasa inamtazama mlimaji usoni. Baba mdogo hulima amejitanda kanga pua na mdomo, miwani juu, na ukimwona kwa mbali utadhani bibi harusi amekasirika. Majirani wameanza kuja kuikodi. Anawapa bei kwa saa, petroli juu yao, na kila mtu aje na kanga yake, kwa sababu za ndani mama mdogo amezifungia kabatini na funguo anatembea nazo.