Alirudi wodini siku ya 47

Mdogo wangu aliporuhusiwa kutoka wodi ya akili alipewa vidonge vya wiki 4 na karatasi ya kuendelea na dawa kituo cha afya kilicho karibu na kwetu, nje ya Arua, Uganda. Alikuwa anakula, analala, anamtania Mama. Vidonge vilipokwisha akaenda kituoni. Dawa hakuna, rudi Jumatatu. Jumatatu pia hakuna. Wiki ya 7 tulimrudisha hospitali kwa pikapu, amefungwa kamba mikono, na hadi leo Mama akikumbuka kamba ile huinuka akatoka nje.

Nchi nyingi hupima huduma za afya ya akili kwa swali hili: kati ya walioruhusiwa, wangapi wamelazwa tena ndani ya siku 30? Mdogo wangu alirudi siku ya 47. Kwa hesabu hiyo, hakurudi.

Mimi nataka tupime. Hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili tunayo moja tu, Butabika ya Kampala, iliyofunguliwa 1955, na kwa miaka mingi wagonjwa wake wamezidi vitanda. Lakini siku 30 hazitufai. Anayepewa vidonge vya mwezi huanza kukosa dawa mwezi ukiisha, na ugonjwa haurudi siku hiyohiyo. Anayechomwa sindano ya kila mwezi ndiyo kabisa, kwani dawa hukawia mwilini hata akiikosa. Tuhesabu siku 90 angalau.

Kuna na suala la faili. Mtu akiruhusiwa Butabika, kisha akalazwa hospitali ya rufaa ya Arua, karibu kilomita 500 kutoka Kampala, hapo anaweza kuandikwa mgonjwa mpya. Hana kitambulisho, na jina limeandikwa Aisha huku, Aysha kule.

Ninachoogopa zaidi ni kusifu idadi iliyoshuka. Asiyerudi huenda amepona. Huenda pia amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba, au nauli imewashinda ndugu zake, au amezikwa. Wahudumu wa afya wa vijijini wanazijua nyumba hizi. Wapewe orodha ya walioruhusiwa, wapite wawajulie hali, na majibu yao yaingie kwenye hesabu.

Na kila anayerudi aulizwe, iandikwe: dawa ya mwisho ulipata lini, na wapi? Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 inataka matibabu haya yafike hadi vituo vya afya vya msingi. Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha kituo gani rafu zake ni tupu, badala ya lawama yote kumwangukia sista wa wodini ambaye kazi yake aliifanya vizuri. Kwa mdogo wangu aliifanya vizuri sana.

Siku hizi yuko kwenye sindano. Inayofuata ni Alhamisi, na Mama ameshapiga simu kituoni mara 2 kuuliza kama ipo.