Nilikimbia Kamati

Mwenzenu niliondoka Mbagala nikiwa nimechoshwa na kitu kimoja tu: kamati. Joto nililizoea, na foleni ya Kilwa Road nilikuwa naitumia kulala. Lakini kamati! Kamati ya harusi, kamati ya kipaimara, kamati ya kumpongeza mtoto wa bosi wa shemeji. Unaamka asubuhi umeshaingizwa kundi jipya la WhatsApp, jina lako namba saba kwenye orodha, mbele yake wameandika "ahadi 100,000". Nimemuahidi nani? Lini?

Basi mke wangu alipopata kazi ya kutunza wazee huku Saskatchewan, Kanada, nilitazama ramani nikaona peupe, hakuna chochote, nikasema hapa ndipo. Na hesabu zikanipa moyo. Jimbo zima lina kilomita za mraba zaidi ya 650,000, na sensa ya 2021 ilikuta humo watu 1,132,505. Temeke peke yake, wilaya ilimo Mbagala yetu, sensa ya 2022, ilikuwa na 1,346,674. Mji wetu ndio kabisa, watu mia tatu na ushee, na sehemu yao nzuri wanalala kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi mke wangu. Nani atanichangisha?

Nilikosea hesabu, ndugu zangu. Nilikosea vibaya.

Iko hivi. Zamani walipojenga reli kwenye mbuga hizi, waliweka vituo karibukaribu, kila maili nane au kumi hivi, ili mkulima afike na mkokoteni wake wa farasi, ashushe ngano ghalani, arudi nyumbani kabla giza halijaingia. Kila kituo kikaota mji. Yakaja malori, farasi wakastaafu, miji mingi ikanywea. Watu wakaondoka, lakini vitu havikuondoka! Ukumbi upo, uwanja wa barafu upo, maktaba ipo, gari la zimamoto lipo, makaburi ndiyo usiseme. Vitu vya watu elfu vinaendeshwa na watu mia tatu. Kwa hiyo kila mwenye miguu miwili yuko kwenye kamati nne. Huyu anayekuuzia misumari mchana, usiku ndiye zimamoto, Jumapili anapiga kinanda kanisani.

Mimi wiki ya kwanza tu nilijulikana. Huku barabarani dereva mkipishana anainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Kimoja. Mimi nilidhani natukanwa, nikanuna, nikatazama mbele. Jioni mke wangu anarudi kutoka kazini ananiuliza, "Baba Nasra, unaumwa? Bibi wa chumba cha tatu anasema mumeo hasalimii watu." Bibi hajatoka nje tangu kiangazi! Nani kampelekea habari? Siku hizi nainulia kidole hadi nguzo za umeme, nisije nikashtakiwa.

Kijiwe nacho kipo, msidhani. Saa nne asubuhi wazee wanajaa kwenye meza ndefu ya mgahawa, wanarusha dadu kuona nani atalipia kahawa. Kahawa yenyewe nyepesi, ukiangalia ndani ya kikombe unaona kitako chake. Hakuna kashata, hakuna siasa ya maana. Wanashindana mvua. Kila mmoja ana kipimo chake shambani: huyu kapata milimita kumi na mbili, yule kumi na tano, basi wa kumi na mbili ananyamaza kama kafiwa. Waliponiuliza mimi nimepata ngapi, nikasema sina shamba. Wakanitazama kwa huruma, wakanipa dadu. Nikalipia meza nzima.

Sasa mlo wa vuli. Mavuno yakiisha mji wote unakusanyika ukumbini kula: batamzinga, viazi vya kuponda, maandazi ya viazi ya Kiukreni yaliyochemshwa (wameyachemsha jamani, siyo kuyakaanga), kabichi iliyoviringishwa na wali ndani, na kitu wanachokiita saladi ambacho ni jeli ya kijani yenye karoti katikati. Karoti ilikosa nini? Nikaona niwakomboe, nikapeleka sufuria la pilau na kibakuli cha pilipili mbuzi pembeni. Mkuu wa zimamoto akaidhania mchuzi. Akapakua vijiko vitatu. Nusu ya kikosi ilikuwa meza ile ile, na wote walikula baada yake kwa kuwa hakusema kitu, alikuwa hawezi. Moto ungewaka usiku ule, mji ungekwisha.

Nikajua hapo nimepona, hawataniita tena. Wiki iliyofuata nikachaguliwa mjumbe wa jikoni. Mwezi uliofuata, mhazini. Eti "umeonyesha moyo".

Wakaniingiza na kwenye kalingi. Ni mchezo wa kusukuma jiwe la itale la kilo karibu ishirini juu ya barafu, huku wanaume wazima wawili wanalifagilia njia mbio mbio kama mgeni wa kitaifa anapita. Nyumbani sijawahi kushika fagio, mke wangu alikuja kupiga picha. Na ajabu yao, timu ikishinda ndiyo inawanunulia vinywaji walioshindwa. Tulishinda mara moja. Mpaka leo naiona kwenye salio.

Juzi Jumamosi ndiyo imenimaliza. Shemeji yangu anaoa Mbagala, kikao cha kamati saa kumi na mbili jioni, lazima niwepo kwa simu. Nikatafuta kisingizio cha saa, nikakikosa, maana jimbo hili halisogezi saa mbele wala nyuma kama majirani zake; tofauti na nyumbani ni tisa mwaka mzima, na mama mkwe ameshaikariri. Kumi na mbili jioni kwao, saa tatu asubuhi kwetu. Na saa tatu asubuhi ndiyo kikao cha ukumbi.

Nikakaa nyuma kabisa, sikio moja Mbagala, sikio moja Kanada. Nje digrii kumi na nane chini ya sifuri, gari nimelichomeka kwenye umeme kama simu lisigande. Mbele mwenyekiti anasoma ajenda, sikioni mwenyekiti mwingine anasoma ahadi. Ikafika zamu yangu, mtandao ukaanza kukatakata. "Wa Kanada, unasikia? Tukuandike laki ngapi?" Nikainua simu juu kutafuta mtandao, mkono umenyooka hadi kwapa liko wazi.

Ukumbi ukapiga makofi.

Kumbe walikuwa wameuliza nani atajitolea kumwagilia maji uwanja wa barafu usiku, ili tabaka lishike vizuri. Kumwagilia barafu maji! Mimi mchicha wenyewe ulinishinda. Naanza Jumatatu saa nne usiku, nimeshakabidhiwa mpira wa maji na funguo. Kule Mbagala ukimya wangu waliuandika laki tatu.

Mke wangu kasema nivae soksi mbili.