Kabla Hamjaiamini Ile Video

Sikuzama. Tuanzie hapo, maana tangu jana usiku simu ya dada yangu haijanyamaza. (Naandika kwa simu ya dada. Yangu imo ndani ya mchele, nayo tutaifikia.) Rafiki yangu mmoja, simtaji, yuajijua, na biriani ya kwetu ameila miaka na miaka, ameirusha ile video kwenye kila kikundi cha WhatsApp kutoka Kibokoni hadi Kisauni, hapa Mombasa. Chini yake kaandika: "Ajuza amwokoa mumewe baharini." Mumewe! Tena inaanzia katikati, mimi nikiwa tayari nimepanuka miguu, mmoja chomboni, mmoja ngazini. Ya kabla ya hapo hamkuyaona.

Nyanya mnamjua. Amepita themanini na mpaka leo huniita "mume wangu". Watu wa pwani hamhitaji maelezo. Wa bara, huo ni utani tu wa bibi na mjukuu, msianze.

Nikataka kumtoa matembezi. Zile safari fupi za jahazi za jioni, zenye taa na mito na wapiga taarabu, zinazoanzia upande wa Nyali, zikazunguka mbele ya Bandari ya Kale, zikapita chini ya Fort Jesus, zikarudi. Nilipomtajia bei, alilitoa tambuu kinywani.

"Yaani tulipe, tuzungushwe, turudi pale pale tulipotoka?"

"Ndiyo, nyanya."

"Feri ya Likoni haikudai ndururu, na yakuvusha."

Sikuwa na jibu. Sina mpaka sasa.

Shangazi zangu nao wakanipa masharti ya kutosha kumpeleka mtu Hija. Mshike mkono. Asiteleze. Asipigwe na baridi. Dawa zake za presha zisikae juani. Kwa hiyo mimi nilibeba kiti cha plastiki, mkoba wa dawa, chupa ya chai ya tangawizi na sweta. Nyanya alibeba mahamri na kijaluba cha tambuu. Na nilivaa kikoi kipya. Ndiyo, kikoi. Tulieni, kitafika zamu yake.

Tulipokuwa juu ya daraja la Nyali kwenye tuktuk, nyanya akawa anamsimulia dereva daraja lile la kuelea lililokuwako kabla ya hili la 1980, jinsi lilivyokuwa likipanda na kushuka na maji. Dereva, kijana mdogo, aliitikia tu "Kumbe!" kwa kila sentensi. Ghafla nyanya akanyamaza, akachungulia chini.

"Leo maji yamekupwa hasa. Tungengoja yajae."

"Nyanya, wale watu wana saa zao," nikamwambia mimi, mjukuu wa binti wa nahodha.

Tulipofika, ngazi ambazo kwa kawaida zimo majini zilikuwa nje, zimevaa mwani wa kijani, zinateleza hata kwa kutazamwa. Chombo kiko chini huko. Nikamshika nyanya mkono kwa nguvu zangu zote. Akautoa. Akavua ndara zake, akazitia kwapani, akasema bismillahi, akamshika baharia kifundo cha mkono (si kiganja, kifundo, mtu ajuaye) na huyo ndani. Wala hakutikisika. Nikamsikia akiuliza nahodha ni nani.

Zamu yangu.

Sasa hapa naomba twende polepole, kwa sababu mwili wangu ulikwenda polepole. Mguu wa kulia uko chomboni. Mguu wa kushoto uko ngazini. Kiti begani, mkoba shingoni, chupa ya chai kwapani, na simu mkononi, maana nilitaka picha ya nyanya akiwa amekaa mitoni. Kwa mbali inapita boti ya mashine. Wimbi lake likaja, dogo tu, la adabu. Yule baharia wa kushika kamba alikuwa ameshaiachia kidogo anamtafutia nyanya mto wa mgongo.

Chombo kikaanza kuondoka.

Shibiri moja. Nikatabasamu, maana watu wananitazama. Shibiri mbili. Bado natabasamu, lakini meno sasa yanatoka mengi mno. Dhiraa. Nyinyi mnaoniwekea picha za fisi kwenye komenti, nawaona wote, na ndiyo, nilikuwa yule fisi wa njia panda, hatua kwa hatua. Baharia akageuka, akaniona, na kwa sauti ya upole kabisa akasema:

"Kaka, chagua."

Nimelala na neno hilo. Chagua! Huku nchi kavu, huku nyanya. Mtu anayesikia maungo yake yakiagana hana nafasi ya kushauriana na nafsi yake. Na wakati huo huo nikakisikia kikoi. Nilikifunga kwa mkunjo mmoja, wa kimjini mjini. Kilijifungua taratibu, upande wa kushoto kwanza, kikaning'inia, kikafikiria, kikaanguka. Ndani nilikuwa na bukta ya mananasi. Mananasi makubwa, ya manjano, yenye miwani ya jua. Ni zawadi, msiniulize ya nani.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo liliniuma. Mpiga udi aliacha kupiga, na kimya kile kilidumu mpaka nikaona aibu kuendelea kubaki hewani.

Nikachagua maji.

Kiti kilitangulia, mimi nikafuata, chupa ya chai ikaja ikanipita. Nilichokipigia kelele mmekisikia wenyewe, sauti ya video ni safi: "Nazama! Nyanya, nazama!" Na nyanya naye kule juu: "Mume wangu! Mume wangu weye!" Palikuwa na mama mmoja wa kizungu, akamuuliza baharia yule bibi analia nini. Baharia, mtu mwaminifu, akatafsiri neno kwa neno. Nilimwona yule mama akiweka mkono kifuani, akamtazama nyanya, akanitazama mimi, akaona mananasi, akamshika mumewe.

Boya likarushwa. Likanipata katikati ya paji la uso.

"Simama!" nyanya akasema.

"Nyanya, nazama!"

"Simama weye! Maji ya kifua hayo, wapigia nani makelele?"

Nikasimama. Maji yalinifika kifuani, kweli, na chini ni tope laini lililokwishachukua viatu vyangu vyote viwili. Kikoi nilikiona kikienda zake, nia yake Bara Hindi.

Nikapanda ngazi kwa magoti. Nyanya akajifungua leso yake ya juu, akanirushia, nikajifunga upesi bila kusoma. Wajuzi wa leso mwajua jina hukaa wapi mtu akijifunga kiunoni. Basi mimi nilipowapa abiria mgongo nikitafuta pa kukaa, wote wakasoma kwa pamoja: MAJUTO NI MJUKUU. Hapo ndipo walipocheka. Hata mpiga udi. Na leo asubuhi muuza kahawa wa mtaani kwetu ameniamkia, "Majuto, shikamoo."

Yaliyobaki ni mafupi. Safari ilikwenda. Nikakaa tezi, kule nyuma ya chombo, peke yangu, natona maji. Kuta za Fort Jesus, zilizohimili Waomani kuizingira tangu 1696 hadi 1698, zikaniona nikipita na leso. Nyanya alikula kamba wake na wangu, akamwambia nahodha foromali yake, ule mti wa tanga, imefungwa ovyo, nahodha akaenda akaifunga upya, akamshukuru. Akagawa mahamri. Akaimba. Yule mama wa kizungu alikuja kuniuliza kwa huruma tumeoana miaka mingapi, nami nilikuwa nimechoka, nikamwambia minane. Kiti kimepatikana. Simu inawaka ukiitikisa, lakini inaita yenyewe, na kila mara inampigia shangazi mkubwa.

Shangazi huyo alitaka kujua kitu kimoja tu: nani alitumwa amshike nani mkono.

Asubuhi hii nyanya amepimwa presha, iko sawa sawa. Yangu imepanda. Na wale mabaharia wamepiga simu: nyanya anakaribishwa siku yoyote, bure. Mimi pia naweza kuja, mradi maji yawe yamejaa na nivae suruali.