Nilivyowapeleka Wanangu Kisiwani

Kosa lilianzia mdomoni, na mdomo wenyewe ulikuwa umeshiba. Jioni ile mteja niliyemtengenezea redio tangu mwaka jana alikuwa amekuja kulipa deni, jambo ambalo kwa mafundi ni sawa na kuona mvua ya Julai. Nikanunua samaki, migebuka mitatu minono, tukala, na katikati ya kulamba vidole nikasikia sauti inayofanana kabisa na yangu ikisema, "Likizo ya Juni nawapeleka kisiwani."

Mama watoto aliacha kutafuna.

Chanzo ni watoto wa jirani. Walikuwa wamerudi kutoka Unguja kwa mjomba wao, na tangu warudi mtaa wetu pale Mwanga, mjini Kigoma, haukupumua. Wamepanda mashua. Wamevuka hadi Changuu wakalisha majani kobe wakubwa kama meza, kizazi cha kobe walioletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Wamekwenda msitu wa Jozani wakaona kima punju. Yule mdogo wao, ambaye kabla ya safari alikuwa anavaa viatu kinyume, sasa alikuwa anawasimamisha watu wazima njiani kuwaeleza mti wa mdalasini unavyobanduliwa ganda.

Mimi nina watoto watatu. Wa kwanza yuko darasa la sita, tunamwita Mkaguzi, kwa sababu hajawahi kupokea jibu bila kuligeuza nyuma aone limeshonwaje. Wa pili ana sifa moja, anakula. Kitinda mimba ana miaka mitano na anaitwa Bwana Mkubwa. Jina alijipa mwenyewe.

Usiku nikapiga hesabu. Kutoka huku mwisho wa reli hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Watu watano, siku mbili za kula njiani, halafu boti ya kuvuka, halafu kulala, halafu hao kobe nao hawaangaliwi bure. Kwa hesabu zangu hela ilikuwa inaishia Tabora, na Tabora hakuna bahari. Kuna miembe, na mwezi wa sita hata maembe yenyewe hayapo.

Ndipo shetani akaniletea wazo. Nilisema kisiwani. Sikusema kisiwa gani.

Nyuma ya kijiji cha Katonga, upande wa pili wa rasi ya Bangwe, kuna vifukwe vizuri vya mchanga vilivyojificha kati ya miamba na vichaka. Wanangu hawakuwahi kufika huko. Ukienda kwa barabara ni safari fupi tu, unaona mashamba, mbuzi na mtu anayeuza vocha. Lakini je, ukienda kwa maji? Ukitokea Kibirizi, ukavuka ghuba yote, ukazunguka ncha ya Bangwe, ukashushwa kwenye mchanga ambapo mbele ni maji, kushoto mwamba, kulia mwamba na nyuma kichaka? Mtoto atajuaje?

"Mimi simo," akasema mama watoto. "Ukishikwa, useme ulikuwa peke yako." Mke wangu ni wa Ujiji, na wa Ujiji akikwambia hayumo ujue amekaa mstari wa mbele kabisa, anasubiri.

Nikampata mzee mmoja mvuvi wa dagaa. Zilikuwa siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi imelala na wenye mitumbwi wanakubali kila biashara. Tukapatana elfu hamsini kwenda na kurudi, na elfu kumi juu yake ya kunyamaza.

"Kunyamaza nini, fundi?"

"Watoto wakiuliza, tunakwenda kisiwani."

Mzee akaniangalia muda mrefu, kisha akaliangalia ziwa, kana kwamba huenda kuna kisiwa kimeota usiku na yeye hajaarifiwa.

Siku ya safari tukafika Kibirizi saa mbili asubuhi na vikapu, mikeka, miwani miwili ya kuzamia niliyoazima, na maboya ya kuvaa, yote ya watu wazima. Bwana Mkubwa alipovalishwa la kwake alitoweka. Kwa dakika nzima tulikuwa tunazungumza na boya.

Mtumbwi ukawaka, tukaondoka. Nilikuwa nimemwomba mzee azungushe kidogo ili safari iwe na heshima ya safari. Sasa yule mzee alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Akashika njia ya Congo. Huko katikati upepo wa kusi ukatupokea, mtumbwi ukaanza kupanda na kushuka, na tumbo langu likaanza kufanya vilevile ila kwa zamu tofauti. Watoto wakapiga kelele za furaha. Mama watoto akafunga kanga vizuri. Mimi nikainama ubavuni nikamrudishia ziwa chai, maandazi mawili, na nadhani hata ule mgebuka wa deni.

"Baba anawalisha samaki," akasema yule wa pili, kwa masikitiko ya kweli. Yeye humuumiza chakula kinapopotea.

Mkaguzi alingoja ninyanyue kichwa. "Baba, kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote."

"Ndiyo, mwanangu."

"Kwenye ramani ya shule, huku kwetu hakuna kisiwa. Kuna Ukerewe, na hiyo iko Ziwa Victoria."

"Ramani ya shule ya zamani."

"Ya mwaka gani?"

Nikainama tena ubavuni, ingawa safari hii sikuwa na kitu cha kutoa. Nyuma yangu nikasikia injini ikikohoa. Haikuwa injini. Alikuwa mzee anacheka.

Lakini tulipofika, acheni niseme ukweli, palipendeza. Maji ya Tanganyika yakitulia unaona vidole vya miguu yako kama umevivisha kioo. Mzee akatushusha, akaahidi kurudi saa kumi, akaondoka zake. Watoto wakasimama kwenye mchanga midomo wazi. Hakuna mtu. Hakuna nyumba. Nikavuta pumzi kama Livingstone.

Bwana Mkubwa akachota maji kiganjani, akaonja, akatema. "Haya hayana chumvi. Wenzetu walisema ya kisiwani yana chumvi."

"Yanayo," nikasema, "ila ziwa hili lina kina cha mita 1,470. Chumvi imekaa chini."

Akaridhika. Mkaguzi alinitazama tu, akaandika kitu kichwani.

Tukazamia kwa zamu karibu na miamba, maji ya kiunoni. Wale samaki wadogo wa kwetu, ambao watu wa mbali huwanunua kwa hela nyingi wakawaweke kwenye vioo, walikuwa wanapita miguuni wakiwa na milia ya njano na buluu. Mkaguzi akaona mmoja anatema vitoto mdomoni, vikatawanyika, halafu vilipoona kivuli chake vikakimbilia kinywani tena, mama akafunga mlango. Alisahau kabisa mambo ya ramani. Alitoka majini akimweleza mama yake mara tatu, na mama yake akaniangalia mimi akasema, "Unasikia wenzio wanavyolea?"

Saa sita na nusu njaa ikagonga. Mama watoto akafungua kikapu cha kwanza, chapati na ndizi. Akafungua cha pili, sahani. Akatazama nyuma yake. Akatazama nyuma yangu.

"Sufuria la pilau liko wapi?"

Sufuria la pilau lilikuwa Mwanga, jikoni, juu ya jiko, limefunikwa vizuri na kufungwa kanga, mahali nilipoliweka mimi ili nisilisahau.

Basi tule chapati. Tulipogeuka, chapati zilikuwa na wageni. Ngedere saba, wamekaa kwa utaratibu kama wanakamati, mkubwa wao akigawa. Mimi nikarusha ndala. Akaikwepa, akaiokota, akainusa, akaitupa kwa dharau ambayo sijawahi kufanyiwa na binadamu. Yule wa pili alilia kwa sauti niliyomsikia nayo mara moja tu, siku aliyozaliwa. Dakika tatu baadaye tulibaki na sahani tano na chupa ya pilipili.

Mkaguzi hakulia. Alikuwa anafikiri. "Baba, ngedere wamefikaje kisiwani?"

"Waliogelea."

"Kutoka wapi?"

"Congo."

Nikamwona mama watoto anakwenda pembeni na simu. Hapo ningeshtuka, kwa sababu simu ilikuwa na mtandao umejaa mpaka juu, lakini mimi nilikuwa natafuta ndala yangu. Aliporudi akakaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu kwa utulivu. "Chakula kinakuja," akasema.

"Na nini?"

"Ngoja."

Kwa karibu saa nzima tulijenga ngome ya mchanga bila nguvu. Bwana Mkubwa alikuwa haachi kuuliza kobe. Kila kisiwa kina kobe, kwa mujibu wa yule mtaalamu wa mdalasini, hivyo cha kwetu nacho lazima kiwe nao. Nikamwambia wapo, wanalala mchana, kaa kimya uangalie vichaka. Nilijua hilo litampa kazi. Akakaa, macho kwenye majani, mikono magotini.

"Baba," akanong'ona. "Kobe."

Nikapuuza.

"Baba! Kobe mkubwa! Anapanda!"

Nikageuka. Kweli, juu ya majani marefu pale mteremkoni kulikuwa na gamba. Jeusi, la mviringo, linang'aa juani. Likapanda kidogo. Likasimama. Likapanda tena. Nywele zikanisimama, kwa sababu mimi ndiye niliyetunga huo uongo na sikutarajia utaota miguu. Nyuma ya gamba la kwanza likatokea la pili, jekundu.

Majani yakafunguka. Gamba jeusi lilikuwa helmeti, na chini yake kijana wa bodaboda. Gamba jekundu nalo lilikuwa helmeti, na chini yake mama mkwe wangu, amekumbatia sufuria la pilau.

"Hodi!" akasema.

Ukimya ulioingia pale, ungemsikia samaki anayetema watoto.

"Shikamoo Mama," nikasema, kwa kuwa adabu ni adabu.

"Marahaba mkwe. Mbona mmejificha huku nyuma ya mashamba ya watu? Nimeuliza mpaka kwa muuza vocha."

Bwana Mkubwa alimwendea polepole, akamgusa kitenge. Kikavu. "Bibi, umeogelea?"

"Niogelee nina wazimu? Nimekuja na boda, elfu tatu."

Mkaguzi alifumba macho. Nikaona midomo yake ikicheza, anahesabu. "Baba," akasema, "mtumbwi elfu ngapi?"

"Kula kwanza, pilau linapoa."

"Sitini," akajibu mama yake, ambaye hayumo.

Tukala. Yule wa pili alikula hadi akasahau kwamba kuna kitu kinaitwa kisiwa. Kijana wa boda naye akakaribishwa, akala, akanisifu kwa kutafuta mahali patulivu. Mama mkwe alipoelezwa mkasa wote alicheka akajishika mbavu, akalala chali kwenye mkeka, akaamka, akaniangalia, akalala tena.

Saa kumi mzee wa mtumbwi hakuja. Saa kumi na moja nikampigia, nikapata sauti ya mtu aliyekuwa anaota ndoto nzuri. Upepo umekuwa mkali, fundi, akasema. Ni kweli ulikuwa mkali, jua nalo linateremkia milima ya Congo. Kijana wa boda akaita wenzake wawili. Tukarudi Mwanga pikipiki tatu, mimi wa mwisho na sufuria tupu magotini, ndala moja mguuni. Safari ilichukua muda mfupi kuliko niliotumia kutapika.

Siku iliyofuata nilikuwa barazani nafungua redio ya mtu, nikasikia Bwana Mkubwa anazungumza na yule mtaalamu wa mdalasini kwenye ua.

"Nyinyi kisiwa chenu mlikwenda na nini?"

"Treni, halafu boti."

"Siku ngapi?"

"Nyingi."

"Chetu boda inafika," akasema Bwana Mkubwa. "Bibi alikuja na pilau la moto. Halafu kobe wa kwetu wanasimama kwa miguu miwili."

Kimya. Kisha nikasikia kilio kikielekea nyumba ya pili, kinazidi kukua, na maneno ndani yake, kwa nini sisi hatukwenda na boda, kwa nini sisi bibi hakuleta pilau. Haikupita robo saa jirani akatokea mlangoni, mama wa watu, uso umechoka kama aliyelipia nauli za Unguja hivi karibuni.

"Fundi," akasema, "naomba namba ya huyo boda."