Mlima wa kwenye simu na mlima wa ukutani

Ukiwa Moshi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, huwa wazi. Ikigonga saa nne, mara nyingi mawingu yameshaufunika mlima. Kwa hiyo sisi tunaopiga picha za mandhari kwa mapenzi tu hudamka gizani, tukapiga, na kabla ya chai picha imesharushwa kwenye grupu. Laiki zinaingia, mmoja anauliza lenzi, jioni hakuna anayeikumbuka. Je, picha imemaliza safari yake, au bado, mpaka isafishwe, yaani ichapishwe kwenye karatasi?

Wanaosema inatosha wana hoja. Wengi wetu hatukusomea upigaji picha. Jicho tumelipata kwa kutazama kazi za wenzetu na kuambiwa bila kuoneana haya kwamba mstari wa maji umelala upande. Aliyeko Lamu anaona jua likizama nyuma ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, dakika chache baada ya mtu wa Kigoma kulipiga. Karatasi haiwezi hilo. Tena ni ghali, na kule pwani unyevu huivimbisha ndani ya fremu mpaka inagandana na kioo.

Lakini simu inaficha mengi. Kamera ya megapikseli 24, yaani nukta milioni 24, hutoa picha ya nukta 6000 kwa 4000. Ikipita WhatsApp kwa ubora wa kawaida, upande mrefu unabaki na nukta kama 1600. Kwa kipimo cha nukta 300 kwa inchi, faili la kwanza linajaza karatasi ya inchi 20; la pili halifiki hata inchi 6. Anayepeleka studio picha aliyoipakua kwenye grupu asimlaumu fundi.

Mimi nilipeleka faili kamili, na bado niliumia. Msitu chini ya Kibo, uliokuwa kijani kizito kwenye simu, ulitoka mweusi tii. Simu inatoa mwanga wake yenyewe. Karatasi inategemea mwanga wa chumba. Nikarudi nyumbani, nikainua vivuli kidogo kidogo, nikamwomba fundi azime marekebisho ambayo mashine hufanya yenyewe, maana yamepangwa kwa picha za pasipoti na harusi. Nakala ya pili ilinionyesha uzi wa moshi ukipanda kutoka kwenye migomba. Picha hiyo nilikuwa nayo mwezi mzima, na moshi ule sikuwahi kuuona.

Hapo ndipo ninapoegemea upande wa karatasi. Sisemi kila picha. Tatu au nne kwa mwaka zinatosha, na kurusha kuendelee, kwa sababu ndiko tunakokosoana. Ila picha usiyoisafisha hujaitazama mpaka mwisho.

Na kuna jambo linalonigusa zaidi. Tangu 1912 barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Tunachokipiga leo, wajukuu wetu huenda wasikikute. Simu huibiwa, nywila husahaulika, na grupu hufa. Nyuma ya ile nakala ya pili nimeandika kwa penseli tarehe, saa, na mahali niliposimama, ili mwingine asimame hapohapo na kulinganisha.