Tegesha ya Nyamongo

Ukitaka kujua uhusiano wa mgodi na vijiji vinavyouzunguka umefikia wapi, acha kwanza kuhesabu madarasa na visima ambavyo mgodi umejenga. Sikiliza msamiati wa watu. Nyamongo, wilayani Tarime, lipo neno tegesha. Ni nyumba inayosimamishwa chapuchapu, au miche inayopandwa kwa kubanana, fununu zinapovuma kwamba mgodi wa dhahabu wa North Mara unalitaka eneo fulani. Aliyeijenga hakusudii kulala humo. Ameijenga ithaminiwe, alipwe, ibomolewe.

Mgodi unaiona tegesha kuwa utapeli, na hoja hiyo haipuuziki. Mthamini anafika shambani anakuta mabati yameota kama uyoga. Gharama zinapanda, mabishano yanaanza, malipo yanasogezwa mbele. Anayeumia kwanza ni mkulima halisi ambaye hakutegesha chochote: anasubiri fidia yake kwenye foleni moja na waliotegesha, huku akiogopa kupanda mazao ya kudumu au kukarabati nyumba yake. Hilo linaniuma kuliko hasara ya kampuni.

Lakini tegesha ina chimbuko. Kabla ya uzalishaji mkubwa kuanza mwaka 2002, wachimbaji wadogo walikuwa wakiitafuta dhahabu ile ile kwa sururu na nyundo. Fomu ya uthamini inasoma ardhi, nyumba na mazao. Duara, yaani shimo la mchimbaji asiye na leseni, lililosomesha watoto na kulipa mahari, fomu haina pa kuliandika. Basi aliyelipoteza analitafsiri kwa lugha ambayo fomu inaielewa, yaani mabati na miche. Ni udanganyifu, ndiyo, ila umezaliwa na hesabu ambayo upande mmoja uliiacha nusu.

Juu ya hayo kuna damu. Mei 2011 watu watano waliuawa kwa risasi za polisi katika uvamizi wa mgodini, ambako vijana huingia kuokota mawe yenye dhahabu. Familia na majeruhi walipeleka madai yao hadi mahakamani London, na mwaka 2015 yakamalizwa kwa maridhiano. Kampuni imeshikilia kwamba wavamizi huja kwa makundi, wengine na silaha za jadi, na kwamba polisi ni wa dola, hawaamriwi na mgodi. Wanakijiji wanajibu kwamba polisi hao wanaulinda mgodi kwa makubaliano ya maandishi. Kisheria tofauti hiyo ni nzito. Kwa mama aliyezika mwanawe haina uzito wowote, na sioni kwa nini tumtake aione.

Mwaka 2019 mambo yalibadilika. Barrick, kampuni ya Kanada, iliuchukua mgodi moja kwa moja kutoka Acacia, kampuni yake tanzu, ikakubaliana na Serikali kuunda kampuni ya ubia ya Twiga, ambamo Tanzania ina hisa asilimia 16. Fedha za maendeleo ya jamii zikaanza kupitia kamati zenye wawakilishi wa wenyeji. Hayo ni mafanikio, na anayeyabeza hajawaona watoto waliopata madarasa.

Hata hivyo ubia una upande wake mgumu. Mwaka huo huo, kabla ya Twiga, NEMC, baraza la taifa la mazingira, iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvuja kwa maji ya bwawa la topesumu, yaani tope la mabaki ya uchenjuaji wa dhahabu. Leo dola hiyo hiyo inayopiga faini, inayoidhinisha uthamini na inayotuma polisi ni mwanahisa. Wapo wanaosema hisa zinaipa Serikali kiti cha kuwatetea wananchi ikiwa ndani. Inawezekana. Mwananchi mwenye shauri la fidia, hata hivyo, anaona mwamuzi amevaa jezi ya timu mojawapo.

Kwa hiyo naanzia kwenye uthamini, kabla ya msaada wowote. Tegesha inaishi kati ya fununu na siku ya kufunga daftari la uthamini. Mpango utangazwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla haujavuja, picha za anga zipigwe siku hiyo hiyo na zibandikwe ofisi ya kijiji, malipo yasivuke miezi sita. Orodha isomwe hadharani, jina kwa jina, kwa utaratibu ambao Wakurya wanaujua tangu enzi za iritongo, baraza lao la kusikilizana mbele ya watu wote.

Maana jirani anaijua nyumba iliyosimamishwa juzi. Anamjua mwenye nayo, na anajua kwamba fidia ya mkulima halisi inacheleweshwa na mabati yale. Leo ananyamaza, kwa kuwa kusema ni kuusaidia mgodi ambao haujamfanyia haki. Ukimya huo hakuna kisima kinachoweza kuuvunja.