Jenereta Nzima, Betri Nzima, na Bado Mtambo Hautulii

Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, kisha tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Tangu hapo watu wengi hawataki kutegemea peke yake kebo ya chini ya bahari inayoleta umeme kutoka Bara. Hoteli zina jenereta, maduka yana jenereta, na siku hizi juu ya mabati kuna paneli za jua na ndani kuna betri. Chenjiova, yaani swichi ya kuhama kutoka chanzo kimoja cha umeme kwenda kingine, ndiyo inayoamua mzigo ubebwe na nani.

Ninachopinga ni namna tunavyokagua. Tunajaribu jenereta, nzima. Tunajaribu betri, nzima. Umeme wa Bara upo. Basi tunatia saini. Lakini mwaka 1998 mtafiti Michael Branicky alionesha kwa hesabu mifumo miwili ambayo kila mmoja ukiachwa peke yake hutulia, yaani mtikisiko wake hufifia, ila ukihamahama baina yao kwa mpango mbaya mtikisiko hukua bila kikomo. Kuna na kinyume chake: mifumo miwili isiyotulia yaweza kutulizwa kwa kuhamishwa vizuri. Kwa hiyo kanuni ya kuhama nayo ni sehemu ya mtambo, na inastahili kukaguliwa.

Uchelewaji ndio unaonitia hofu zaidi. Kipimo kinasoma volteji, habari inafika kwenye kidhibiti baadaye, amri inatoka, na jenereta nayo inataka sekunde kadhaa ishike kasi. Katika mwanya huo kidhibiti chaweza kuwa bado kinafuata kanuni za chanzo kilichokwisha ondoka. Kinasahihisha kosa ambalo halipo tena, na sahihisho hilo linazaa kosa jipya. Ndiyo maana hali ya sasa peke yake haitoshi kukwambia mtambo unaelekea wapi. Unahitaji na yaliyopita ndani ya muda ule wa kuchelewa. Mwanahisabati Nikolai Krasovskii aliipanua kwa msingi huohuo njia ya Lyapunov ya mwaka 1892, njia ya hesabu ya kujua kama mfumo utatulia.

Dawa inajulikana. Watafiti João Hespanha na Stephen Morse walionesha mwaka 1999 kwamba, vyanzo vikiwa vyenyewe vimetulia, unaweza hata kuhama harakaharaka mara mojamoja, mradi kwa wastani muda wa kukaa kwenye kila chanzo uwe mrefu vya kutosha. Uchelewaji ukiingia, muda huo hukokotolewa upya, na mara nyingi hurefuka. Kwenye chenjiova nyingi ni suala la kupanga tu: umeme wa Bara ukirudi, usiukimbilie, subiri uonekane umekaa.

Sikubali kwamba haya ni ya maprofesa. Pampu za visima Pemba, majokofu ya chanjo, vyumba vya upasuaji, vyote vinahamishwa hivi. Zabuni zetu zinaandika kilowati na bei. Ziandike pia muda mfupi kabisa wa kukaa kabla ya kuhama, na uchelewaji mkubwa kabisa unaokubalika, na fundi asilipwe mpaka avipime vyote viwili huku mzigo ukiwa juu ya mtambo.